Upande wa Nyuma wa Pazia

1

Kiti kilimkubali Milembe peke yake. Alipokaa, meza ilimpima uzito, ikamtazama usoni kwa jicho lake dogo la kioo, kisha mvuke ukaanza kupanda kutoka kwenye mfereji uliokata katikati ya meza. Nuru iliupiga ule mvuke, na pazia likasimama mbele yake, jembamba kama kanga iliyoanikwa, limejaa picha na maandishi. Akikaa mtu mwingine yeyote, hata mwalimu mkuu, mvuke haukupanda.

Sheria ya meza ilikuwa mwanafunzi mmoja, kiti kimoja. Jicho likiona uso wa pili, pazia linazimika na taarifa inakwenda ofisi ya Kanda siku hiyo hiyo. Lakini jicho liliwekwa upande wa mbele tu. Aliyeiunda meza hakufikiria kwamba kuna mtu angetaka kukaa upande wa nyuma.

Huko nyuma, kwenye benchi moja, walikuwa wamebanana wanafunzi watano.

"Sogea bwana, umeniziba," Kwandu alimwambia Jilala.

"Nimekuziba na nini? Mimi mwenyewe nimekonda hivi."

"Kichwa, Jilala. Kichwa hakijakonda."

"Nyamazeni," Milembe alisema. "Imeanza kusema."

Sauti ya meza haikusikika chumbani. Ilipita kwenye kifungo kilichogusa mfupa nyuma ya sikio la Milembe, na ilimfikia yeye tu. Kwa hiyo kila iliposema, Milembe alirudia kwa sauti, neno kwa neno.

"Shika ncha ya mnyororo," alirudia. "Fuata mshale. Zungusha mpaka rangi ibadilike. Acha."

Mnyororo wa nuru ulijikunja kwenye vidole vyake. Kule nyuma watano nao walikunja, kila mmoja na kipande chake cha waya wa shaba. Waya huo ulitoka kwenye mota iliyoungua ya kinu cha pamba. Jilala ndiye aliyeufumua na kuwagawia. Ulikuwa mchache, kwa hiyo somo lilipokwisha kila mtu alinyoosha waya wake upya, akauzungusha kidoleni na kuutia mfukoni, ukingoja kukunjwa tena kesho.

Somo lenyewe liliitwa Mikunjo. Dawa za siku hizo hazikuchemshwa wala kusagwa, zilikunjwa. Mnyororo mmoja wa chembe ukiukunja hivi unatibu figo, ukiukunja vingine haufanyi lolote. Mashine zilikunja minyororo mingi, lakini zilipokwama ziliitisha mtu, kwa sababu vidole vya mtu vilikuwa na namna ya kubahatisha ambayo mashine hazikuwahi kuipata. Watu hao waliitwa wakunjaji. Walisomea chuo cha Dodoma, na hakuna aliyeingia chuo hicho bila kufaulu Mikunjo.

Shule za mjini zilikuwa na kiti kwa kila mwanafunzi. Sekondari ya Mwalukale ilikuwa na kimoja. Viti viligawanywa kwa kipimo cha utayari, na utayari wa shule ulipimwa kwa idadi ya wanafunzi wake waliowahi kufaulu Mikunjo. Mwalukale hakuwahi kufaulu mtu, kwa sababu hakuwahi kusoma mtu. Kiti hiki kimoja kilikuja kwa majaribio.

Katika kidato cha tatu, wanafunzi sita waliweza jaribio la vidole, wote sawasawa. Mwalimu mkuu, Mwalimu Ngassa, aliandika majina yao kwenye vipande vya karatasi, akavitikisa ndani ya kofia yake, akachomoa kimoja. Kikatoka cha Milembe. Siku ya kwanza ya somo, Kwandu alisimama nje ya dirisha, ameegemeza paji la uso kwenye nondo. Siku ya pili Milembe alimwambia apite mlango wa nyuma, na awaite wale wengine.

Mwalimu Ngassa aliwaona siku hiyo hiyo. Aliangalia benchi, akaangalia pazia, akakohoa.

"Mkitoka mfunge madirisha," alisema. "Vumbi linaharibu meza."

Toka hapo ufunguo wa chumba ulikaa kwa Milembe.

2

Kusoma kutoka nyuma ya pazia kulihitaji kuzoea. Maandishi yote yalikuwa kinyume, kama jina la duka ukiliangalia kupitia kioo ukiwa ndani. Wiki za mwanzo Jilala alilalamika kwamba macho yanamuuma na kichwa kinamzunguka. Mwishoni mwa muhula wote watano walikuwa wanayasoma bila kupunguza mwendo, na Kwandu alianza hata kuandika hivyo, kuwachokoza wadogo zake nyumbani.

"Mayu anasema nimerogwa," alisimulia juu ya mama yake. "Nimemwandikia neno chumvi kwenye mkebe wa chumvi, ameenda kuuonyesha kwa jirani."

Mtihani wa Mikunjo ulikuwa wazi kwa yeyote. Hilo lilikuwa jambo Serikali ilipenda kulisema redioni: hakuna anayezuiwa mlangoni. Hata asiye na kiti aliruhusiwa kuufanya, na kwa kawaida hakuna asiye na kiti aliyejisumbua. Mwaka huo Mwalukale ilipeleka wanafunzi sita.

Kwenye kituo cha mtihani, mjini, kila mtahiniwa alikaa mbele ya pazia lake. Hapakuwa na sauti, wala mishale, wala maelezo. Mnyororo ulionekana umenyooka, jina la ugonjwa limeandikwa juu yake, na mtahiniwa akaukunja anavyojua.

Kwandu alitoka anacheka.

"Jamani, maandishi yamenyooka! Nimesoma mpaka nikaona aibu. Yaani hawa wa mjini miaka yote wanasoma kirahisi hivi?"

"Umemaliza yote?" Milembe aliuliza.

"Nimemaliza, nikamsubiri msimamizi apige kengele. Jilala je?"

"Mimi nimebakiza mmoja," Jilala alisema. "Ule wa mapafu. Vidole vilinisaliti."

Walinunua miwa, wakarudi nyumbani wanaimba.

3

Matokeo yalikuja na mtu. Bi Kokugonza, mkaguzi kutoka Kanda, alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini na viatu vilivyokuwa vimejaa vumbi tayari. Aliketi ofisini kwa Mwalimu Ngassa, akaomba maji, akanywa yote, ndipo akaita wale sita.

"Shikamoo, mama," walisema pamoja.

"Marahaba. Milembe ni nani?"

Milembe alinyanyua mkono kidogo.

"Hongera. Umefaulu vizuri sana. Chuo kinakusubiri." Aligeuza kibao chake cha kioo, akakiangalia. "Ninyi watano mmepata sifuri."

Jilala alitazama chini, akatazama dari.

"Kupata sifuri si kosa," Bi Kokugonza aliendelea. "Kila mwaka wapo. Kilichonileta ni namna mlivyokosea. Asiyejua anakosea ovyo, huku hivi, kule vile. Ninyi mmekosea sawa, wote watano, mnyororo kwa mnyororo, isipokuwa mmoja ambaye hakumaliza. Mashine imetoa jibu lake. Inasema mlikuwa na majibu yaliyotengenezwa mahali, mkayakariri, na aliyewauzia aliwauzia mabovu."

"Mama, hatujanunua kitu," Kwandu alisema. "Kwanza hela tungetoa wapi?"

"Hilo ndilo nimekuja kuuliza. Kesho asubuhi nitachukua maelezo ya kila mmoja. Ikithibitika, ni udanganyifu, na adhabu yake mnaijua."

Waliijua, kwa kuwa ilibandikwa ukutani katika kila darasa. Aliyefanya udanganyifu hakuruhusiwa kukaa mtihani wowote wa Serikali kwa miaka mitano, hata ule wa kumaliza kidato cha nne. Watano hawa wangetoka shule bila cheti chochote, kama watu ambao hawakuwahi kuingia.

4

Walikwenda nyuma ya vyoo vya walimu, mahali ambapo hakuna mtu angewafuata.

"Haiwezekani," Kwandu alikuwa anasema. "Nilijua kila kitu pale. Kila kitu! Lete waya."

Jilala alimpa waya wake. Kwandu alichuchumaa, akaunyoosha juu ya paja, akaanza kuukunja ule mnyororo wa figo, wa kwanza kabisa waliofundishwa. Alifanya haraka, bila kufikiri, kama mtu anayesuka ukili. Milembe alichuchumaa mbele yake na kuangalia.

Hakuwahi kuangalia. Siku zote pazia lilikuwa katikati yao linawaka, na lilipozimika waya zilikuwa zimekwisha kunyooshwa. Sasa aliuona mkunjo mzima mkononi mwa Kwandu, na ulikuwa mzuri, umekaza, hauna kasoro. Ila ulikuwa unazunguka kwenda kushoto.

"Kwandu. Mshale ulikuwa unaelekea wapi?"

"Huku." Kwandu alionyesha.

Milembe aliinua mkono wake, akaonyesha upande wa pili.

Walibaki wamechuchumaa, mikono imeinuliwa. Jilala ndiye aliyeelewa wa kwanza, akakaa chini kabisa kwenye vumbi.

"Maandishi tuliyageuza," alisema taratibu. "Kila herufi tuligeuza kichwani. Tukasahau kugeuza mikunjo."

"Sauti haikusema kulia wala kushoto," Milembe alisema. "Ilisema tu fuata mshale. Na mimi nikarudia hivyo hivyo."

Kwandu aliutupa waya. Kisha akaufuata, akauokota, kwa sababu waya ulikuwa mchache.

"Basi tuna maelezo," Jilala alisema. "Si udanganyifu. Tunamwambia mkaguzi tulikaa nyuma, tukaona kinyume, basi."

"Na Milembe?" Kwandu aliuliza.

Mwenye kiti aliyetoa somo lake kwa mtu mwingine alifutiwa matokeo. Hilo nalo lilibandikwa ukutani, karatasi ile ile.

"Hakuna anayesema kitu," Kwandu alisema. "Mnanisikia? Milembe anakwenda Dodoma. Angalau mmoja afike. Mimi nitauza mchicha, kwani mchicha hauna watu?"

"Wewe unajua kuuza mchicha?" Jilala alimuuliza. "Utagombana na wateja wote."

Kwandu alitaka kucheka, akashindwa.

Jioni ile Mwalimu Ngassa alimtafuta Milembe, akamkuta anafagia chumba cha meza. Alikuwa amekwisha kuambiwa, au alikuwa amebuni mwenyewe. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Nimefundisha hapa toka kinu cha pamba kikiwa kinafanya kazi," alisema. "Sijawahi kutoa mwanafunzi hata mmoja. Unajua ukienda wewe nini kinatokea? Kipimo chetu cha utayari kinapanda. Mwakani tunapewa viti viwili, pengine vitatu. Mwaka unaofuata zaidi. Wale watoto wa kidato cha kwanza, wale wanaokimbia pale nje, watakaa mbele ya pazia. Mbele, Milembe."

"Na hawa watano, mwalimu?"

Mwalimu Ngassa aligeuza kofia mikononi.

"Hawa watano mimi ndiye niliyewaacha waingie," alisema. "Usidhani silijui hilo. Lakini ukisema, tunapoteza wewe na tunapoteza kiti. Ukinyamaza, tunapoteza wao. Mimi nimehesabu kila namna na sioni nyingine. Sikulazimishi, mwanangu."

Aliondoka. Milembe alimaliza kufagia. Nyumbani alikula kidogo, na mama yake alipomuuliza kama ni kweli amefaulu, alisema ni kweli. Mama yake alikwenda nje kuwaambia majirani. Milembe alimsikia akicheka huko, kicheko ambacho hakuwa amekisikia kwa muda mrefu, na akatamani usiku ule usiishe.

5

Bi Kokugonza alichagua kuchukua maelezo ndani ya chumba cha meza, kwa kuwa ofisi ilikuwa na joto. Wote sita walisimama ukutani. Mwalimu Ngassa aliketi pembeni.

Alianza na Kwandu.

"Mikunjo hii uliipata wapi?"

"Nilibuni, mama."

"Ulibuni. Na wenzako wanne wakabuni hivyo hivyo."

"Akili zetu zinafanana, mama. Tunakunywa kisima kimoja."

Jilala aliuma midomo. Bi Kokugonza hakukasirika. Alionekana mtu aliyewahi kudanganywa vizuri zaidi.

"Wewe?" alimuuliza Jilala.

"Mama, naomba kuuliza kwanza. Kule mjini, shule moja ina viti vingapi?"

"Kila mwanafunzi na chake."

"Na vyote vinakaliwa?"

"La," alisema. "Vingine vina vumbi. Si kila mtoto anapenda Mikunjo. Sasa nijibu swali langu."

"Nilibuni, mama," Jilala alisema.

Wale watatu waliobaki nao walisema walibuni. Mmoja wao, msichana mdogo wa umbo aliyeitwa Mbuke, alisema huku machozi yanamtoka, na hakuyafuta. Bi Kokugonza aliandika kila jibu kwenye kibao chake. Alipomaliza alimgeukia Milembe.

"Wewe nakuuliza kwa kuwa unawajua. Wenzako walipata wapi mikunjo hii?"

Milembe alihisi Kwandu akimkanyaga mguu, kwa nguvu. Aliona mikono ya Mwalimu Ngassa imetulia juu ya kofia. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na aliyokuwa ameyapanga usiku kucha yalikuwa yamepotea.

"Mama," alisema, "naomba ukae pale. Kwenye lile benchi."

"Kwa nini?"

"Naomba tu, mama."

Bi Kokugonza alizunguka meza, akaketi kwenye benchi la nyuma. Benchi lililia. Milembe alikaa kwenye kiti. Meza ilimpima, ikamtazama, mvuke ukapanda na pazia likawaka katikati yao. Aliitisha somo la kwanza, mnyororo wa figo. Sauti ilipoanza sikioni mwake, alirudia kwa sauti kama alivyozoea.

"Shika ncha ya mnyororo. Fuata mshale. Zungusha mpaka rangi ibadilike. Acha."

Alikunja mpaka mwisho, akaondoa mikono. Mkunjo ulibaki umesimama kwenye pazia.

Kupitia nuru aliuona uso wa Bi Kokugonza, umepata rangi ya kijani. Mkaguzi alitazama pazia. Akatazama kibao chake, mahali palipokuwa na mikunjo ya wale watano. Akakiinua kibao, akakishika sambamba na pazia, akatazama tena kimoja hadi kingine. Hapo ndipo aliposoma maandishi ya kwenye pazia, midomo ikichezacheza, neno kwa neno, kwa shida, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Walikaa hapa muda gani?" aliuliza.

"Toka mwanzo mpaka mwisho, mama. Somo zima."

"Wote watano, kwenye benchi hili."

"Ndiyo, mama."

"Unajua ni kitu gani umenionyesha?"

"Najua."

"Ungenyamaza ningekupa mkono nikaondoka."

"Najua, mama."

Mwalimu Ngassa alisimama. "Mheshimiwa mkaguzi, ufunguo wa chumba hiki mimi ndiye..."

"Sijakuuliza, mwalimu," Bi Kokugonza alisema, bila kugeuka. "Na nisipokuuliza usinijibu. Kaa."

Alikaa.

Bi Kokugonza alibaki kwenye benchi. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayebeba kitu kizito asichojua atakitua wapi. Aliposema, alisema kwa sauti ile ile ya chini.

"Hawa si wadanganyifu. Wamesoma. Wamesoma vibaya, lakini wamesoma. Nitaandika hivyo, na mtihani wa marudio wataruhusiwa kama mtu mwingine yeyote. Cheti chao cha kidato cha nne hakuna atakayekigusa." Alimtazama Milembe kupitia pazia. "Wewe sina namna ya kukuandika tofauti. Matokeo yanafutwa. Mikunjo hutaifanya kwa miaka mitatu. Na kiti kinafungwa leo."

"Mama, haiwezekani ukaandika kwamba..." Kwandu alianza.

"Niandike nini? Kwamba sikuona? Nimekaa hapa nimeona. Nitaandika pia kwamba shule hii ina wanafunzi sita waliolifuata somo mpaka mwisho na imepewa kiti kimoja. Atakayesoma simjui. Pengine hatasoma mtu. Lakini itakuwa imeandikwa."

Kiti kiliweza kufungwa na mwenye kiti tu. Bi Kokugonza aligusa kibao chake, na kwenye pazia picha ya figo ikaondoka, yakaja maneno machache. Je, unaacha kiti hiki? Milembe alipaswa kuangalia jicho la meza na kujibu kwa mdomo.

Kwandu, kutoka ukutani, aliyaona maneno kwa ubavu.

"Usijibu," alisema.

Milembe alitazama jicho. Alifikiria kicheko cha mama yake kule nje.

"Ndiyo," alisema.

Mvuke ulikatika. Upande wa pili wa meza alikuwa ameketi mama mnene mwenye viatu vya vumbi, na chumba kilikuwa chumba tu.

6

Kwandu hakumsemesha kwa siku kadhaa. Walipokutana kisimani alijaza ndoo yake, akaondoka bila kuaga. Siku moja alirudi nusu njia na ndoo kichwani.

"Nani alikutuma?" aliuliza.

"Hakuna."

"Nilikuambia usiseme. Nilikukanyaga mpaka mguu ukavimba. Mimi nilikuomba?"

"Hukuniomba."

"Sasa nikifaulu, kila mtu atasema ni kwa sababu ya Milembe. Nikifeli, watasema nimempotezea Milembe nafasi bure. Umenifunga kote kote. Umeliona hilo?"

Milembe hakuwa ameliona. Alisema hivyo.

"Ndiyo shida yako," Kwandu alisema. "Unafanya jambo zuri halafu unatuachia sisi mzigo wake." Maji yalimmwagikia begani, akatukana kidogo. "Marudio ni baada ya mavuno. Nani atatufundisha? Meza imekufa."

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mikunjo yote ipo hapa," Milembe alisema, akaonyesha vidole vyake.

Walianza siku iliyofuata, kwenye baraza la chumba cha meza. Mwalimu Ngassa aliwapitia, akasimama, akawatazama. Milembe alidhani atamwambia neno la lawama, kwa kuwa toka mkaguzi aondoke alikuwa hasemi naye zaidi ya salamu. Aliingia ndani, akatoka na mkeka, akauweka chini. Akaenda zake.

Kujifunza upya kulikuwa kugumu kuliko kujifunza. Vidole vya wale watano vilijua kazi yao, na viliijua kinyume. Jilala alipojisahau kidogo tu, waya ulikwenda kushoto wenyewe. Alijaribu kufumba macho, akajaribu kufunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kulia, akajaribu kukunja huku anaimba. Mbuke alilia tena. Milembe aliwashika vidole mmoja mmoja, akavigeuza polepole, akarudia maneno ya ile sauti. Safari hii hakusema fuata mshale. Alisema kulia, na kila aliposema aliwagusa mkono ule.

Pamba ilianza kupasuka mashambani. Asubuhi moja, kabla wengine hawajafika, Kwandu alikaa mkekani na waya wake, akaanza mnyororo wa mapafu, ule mrefu uliomshinda Jilala mtihanini. Milembe alikuwa anamenya muhogo. Aliacha kisu, akatazama.

Waya ulizunguka kulia. Ulifika kwenye kona ngumu, mahali ambapo Milembe mwenyewe alikuwa akisita kila mara na kusubiri rangi ibadilike, na Kwandu hakusita. Hapakuwa na rangi yoyote ya kuisubiri. Alipita tu. Vidole vyake vilikuwa vimejua mkunjo ule pande zote mbili, na sasa vilienda kana kwamba vinaona ndani ya waya.

Milembe alihisi kitu kikimchoma kifuani. Kwa muda alikitafutia jina zuri, kisha akaliacha. Ulikuwa wivu. Kwandu angekwenda Dodoma, na angekuwa mkunjaji bora kuliko ambavyo yeye angekuwa.

Kwandu alimaliza, akauinua mkunjo kwenye mwanga wa jua, akaugeuza huku na huku.

"Sawa?" aliuliza, bila kumtazama. "Niambie ukweli. Usinionee huruma."

Milembe aliukagua toka ncha mpaka ncha. Alitafuta kosa kwa dhati, tena kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sawa," alisema. "Nyoosha. Rudia."